Muhuri Uliopakwa Mafuta

Mwadi alilijua jibu kabla hajakanyaga kizingiti. Aliliona usoni mwa Ruffin, karani wa ofisi ile ya Serikali, aliyekuwa akipekuapekua meza kama mtu aliyepoteza kalamu, na kalamu yenyewe ameishika mkononi. Mtu wa namna hiyo hana habari njema ya kukupa.

"Mama Sephora, chef haiko," akasema, yaani mkuu wa ofisi hayupo.

"Gari yake iko pa mulango."

"Gari iko. Yeye haiko."

Mwadi akakaa kwenye benchi hata hivyo. Alikuwa ameacha makala yake, yaani mkaa wa kuuza, sokoni Kikula kwa jirani, na jirani huyo alikuwa na ulimi mtamu kwa wateja wake mwenyewe tu. Lakini angefanya nini? Nyuma ya mlango wa chumba cha chef, ndani ya kabati la chuma, kulikuwa na karatasi inayoeleza kilichomo katika damu ya mwanawe. Alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka hapo, na hakuwa na namna ya kuifikia.

Mambo yalianza hivi. Kabla ya mvua za mwaka uliopita, watu wa ofisi hii walikuja mtaani kwao, kule Kikula mjini Likasi, ambako watu huoshea mawe ya shaba uani, palepale wanapoanika nguo na kupikia bukari, ugali wao. Walivaa glavu. Walichota maji ya visima, wakawatoa watoto damu, wakawapiga picha, wakawapa biskuti. Wakasema damu itapelekwa nje ya nchi, kwenye maabara inayoweza kuona sumu ya madini, na majibu yakirudi kila mama ataitwa. Majibu yalirudi. Mtaa mzima ulijua, maana mlinzi wa ofisi alimwambia mkewe, na mkewe anauza samaki sokoni. Ila hakuna mama aliyeitwa.

Siku ile ya biskuti, Sephora alikuwa mtoto wa miaka saba anayeruka kamba hadi mama yake anamfokea kwa vumbi. Baadaye mguu wa kushoto ukaanza kuburuta. Mwadi akadhani ni kiatu, akamvua kiatu. Ukafuata wa kulia. Sasa mtoto alikuwa anatembea kwa kushika ukuta, na ukuta ukiisha, anakaa chini na kungoja aje abebwe.

Daktari Evariste, pale hospitali, hakuwa mtu wa kuficha maneno. "Kama ni plomb, ile madini ya risasi, iko na dawa, nitaiagiza Lubumbashi. Kama ni kitu ingine, ile dawa itamuharibia figo. Siwezi kubahatisha na mutoto wa bantu. Uniletee ile karatasi yabo, mama. Na usikawie, juu hii maneno ikipita mbali, haitarudia nyuma."

Kurudia kipimo? Daktari alimtajia gharama yake, na Mwadi akacheka, kicheko kibaya kilichomtisha yeye mwenyewe. Mumewe, Jean-Claude, alikuwa mbali machimboni upande wa Kolwezi, na kila alipopata mtandao alipiga simu kuuliza jambo moja tu, "Balisha kukupa?" Kisha simu ikakatika, au akaikata mwenyewe. Mwadi hakutaka kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Aliyemfungua macho ni Marlène, mwanasheria wa chama kidogo cha kutetea watu, mwenye chumba kimoja nyuma ya duka la dawa huko Shituru. Alikuwa mwanamke wa mdomo mkali, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja.

"Ku mudomo banakukatalia bure," alimwambia. "Tuandike. Utapeleka barua mbili, moja ya bo, moja ya weye. Bapige kashe pa ile ya weye, muhuri ya kuonyesha tarehe yenye balipokea. Unasikia? Ile kashe njo maisha yako."

"Na kama bakinyamaza?"

"Bakinyamaza miezi tatu, sheria inasema balikataa. Pale tunapanda kwa bakubwa yabo, Lubumbashi, tunakata rufaa. Lakini bila kashe, hakuna mwenye atajua kama balianza kunyamaza siku gani."

Hebu fikiria. Ofisi ikinyamaza, inahesabiwa imesema. Mwadi alikuwa amepiga kelele tangu mvua zilipoanza na hakuna aliyehesabu kwamba amesema lolote.

Barua ikaandikwa, na kama ilivyo desturi ya barua za ofisini kule, Marlène akaorodhesha chini yake wakubwa watakaopelekewa nakala. Ruffin akaipokea, akachovya muhuri kwenye kisahani chake cha wino wa zambarau, wino aliokuwa akiuongezea maji na kitu kingine anachokijua mwenyewe, maana ofisi ilikuwa haijamnunulia mwingine. Akagonga nakala ya Mwadi, akamrudishia. Mwadi akaibeba kifuani hadi nyumbani, chini ya nguo, na siku hiyo aliuza makala kwa furaha.

Chef alimwita mara moja tu. Alikuwa ameona yale majina chini ya barua, na alipoyaona hakusoma tena kilichoandikwa juu.

"Weye mwanamuke unanishitaki kwa bakubwa yangu?"

"Hapana, chef. Nalomba tu majibu ya damu ya mutoto wangu."

"Ile rapport ni siri ya Serikali. Rudia ku nyumba."

Mwadi akarudi nyumbani akiwaza kwamba Sephora, anayejikojolea kwa kuchelewa kufika chooni, ana siri ya Serikali ndani ya mishipa yake. Marlène alipohadithiwa alitikisa kichwa. "Ya mudomo haihesabike," akasema. "Tungojee." Basi wakangoja. Kuna kungoja kwa mtu anayetazamia jambo, na kuna kungoja kwa mtu aliyefungwa kamba. Kwa Mwadi kulikuwa ni huku kwa pili. Miezi ikapita, ofisi haikuandika hata herufi, na Marlène akaandika rufaa. Alimkabidhi Mwadi, akamwambia aambatanishe nakala yenye muhuri, kisha yeye mwenyewe akaondoka kwenda kumzika shangazi yake Kapolowe. Muda wa kukata rufaa nao ulikuwa na mwisho wake. Ulikuwa unaisha Ijumaa.

Sasa, kati ya siku Marlène alipoondoka na hiyo Ijumaa kulikuwa na Jumapili, na hapo ndipo Mwadi alipojiharibia.

Katika kanisa lao, Pasteur Franck alikuwa ametangaza ibada ya kufungua vilivyofungwa. Kila mwenye karatasi iliyokwama ailete madhabahuni: hati ya kiwanja, diploma isiyopata kazi, kesi, pasipoti. Watu wa Kikula wana karatasi nyingi zilizokwama, na meza ya mbele ikajaa hadi zikaanza kudondoka. Mwadi alikuwa ametaka kutoa fotokopi kwanza, lakini Jumamosi umeme haukuwapo, na mwenye mashine hakuwa na mafuta ya jenereta. Tena mchungaji mwenyewe alikuwa amekwisha kuonya kwa kipaza sauti, "Mungu hapokee fotokopi! Mulete zenye zenyewe!" Kanisa lote likacheka na kuitika amina.

Mwadi akaiweka barua yake juu ya meza. Pembeni yake, aliyeweka karatasi zake alikuwa Ruffin, ndiyo, Ruffin yuleyule, ambaye Jumapili alikuwa Frère Ruffin, ndugu wa kwaya. Walisalimiana kwa macho tu. Mchungaji akapita na kichupa cha mafuta ya upako, akiweka tone moja moja juu ya kila karatasi, na alipofika kwa Mwadi akamwuliza shida yake iko wapi.

Mwadi akanyoosha kidole. "Hapa, Pasteur. Hapa pa kashe. Hii njo maisha yangu."

Mchungaji akaguswa. Hakutoa tone, alimimina. Akakandamiza kidole gumba juu ya muhuri, akachora msalaba, akaomba kwa nguvu hadi mshipa wa shingo ukasimama, na Mwadi akalia machozi ya raha kwa mara ya kwanza tangu mguu wa mtoto uanze kuburuta. Alihisi mzigo umetua. Nani wa kumlaumu? Alikuwa ameshika mlango wa ofisi kwa mkono mmoja, akataka kuushika wa mbinguni kwa mkono wa pili.

Jumatatu aliikunjua barua. Zambarau ilikuwa imetambaa, ikaingia kwenye mistari, ikawa doa pana lenye kung'aa. Jina la ofisi halikusomeka. Tarehe haikusomeka. Akaianika juani, haikusaidia. Akaipiga pasi ya makala, na hapo hata kile kidogo kilichobaki kikaenda. Aliketi sakafuni akaitazama, akajiambia kwamba watu wa Lubumbashi ni wasomi, wataelewa. Moyoni alijua anajidanganya.

Huko Lubumbashi alipokelewa na mwanamke aitwaye Élisabeth, mwenye kusikiliza rufaa, mtu mpole, mwenye sauti ya kumliwaza mgonjwa. Alisoma barua ya Marlène hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa kukubali, kisha akageuza nakala na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, hii kashe ilipata nini?"

"Mafuta," Mwadi akasema. "Ya kanisa."

Élisabeth hakucheka, na heri angecheka. "Bila tarehe siwezi kujua kama ile miezi ilishaisha. Sheria hainipe njia. Rudia Likasi, bale benye balipokea bakupigie ingine, baandike tarehe na mukono. Ukuye nayo mbele ya Ijumaa jioni. Ikipita, itabidi muanze upya."

Kuanza upya. Barua upya, muhuri upya, kungoja upya. Mwadi alishuka ngazi za jengo lile akiwa ameshika ukuta, kama Sephora.

Ijumaa asubuhi alikuwa mlangoni kwa Ruffin kabla ya mlinzi kufagia. Alimwekea barua mezani. Ruffin akaitazama, akatambua, akasogeza kiti nyuma.

"Mama Sephora, siwezi. Chef alisema ile barua haikuingia huku."

"Kashe ni yako."

"Najua."

"Mukono wenye ulipiga ni huo wa weye."

"Najua, mama! Lakini unajua minye nalipwa na nani?" Akapunguza sauti, akatazama mlango wa ndani. "Na hakuna muntu. Myaka mingi minye nafanya huku bila mushahara, nangojea numero ya Serikali ili nilipwe. Dossier yangu iko kwa chef, yeye njo mwenye kusaini. Nikikupigia hii kashe leo, ya minye inakufa. Niko na batoto pia."

Mwadi alitaka kumchukia na kwa muda alifaulu. Alitazama kola ya shati lake, iliyogeuzwa upande wa ndani ili ionekane mpya, na chuki ikamponyoka. Ikabaki huzuni tupu, na huzuni haina faida yoyote mtu akiwa na haraka.

"Ile karatasi ya damu, basi. Unionyeshe tu. Sitaibeba."

"Kifunguo ya ile kabati iko mu mufuko wa chef."

Mwadi akageuka dirishani. Nje mtu alikuwa anaosha lile gari la chef, ambalo lipo hata akiwa hayupo.

"Papa Ruffin," Mwadi akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka hata kuomba. "Siku ya Mungu tuliweka makaratasi yetu pa meza moja. Ya weye ilijibiwa?"

"Bado."

"Ya minye pia bado. Tuko tunalomba Mungu atume muntu wa kutusaidia. Sasa kwa minye, muntu mwenye angetuma ni nani? Si ni weye? Kwiko mwingine mwenye iko na hii kashe?"

Ruffin akaushika muhuri. Alitazama kisahani cha wino, akapangusa paji la uso, akasema neno la Kifaransa ambalo hata katika kwaya ya watu wazima haliimbwi. Kisha akafungua kitabu cha barua zinazoingia, akatafuta tarehe, akagonga muhuri mpya pembeni mwa lile doa kwa pigo lililosikika hadi ndani, akaandika tarehe na jina lake zima kwa kalamu.

"Enda," akasema. "Enda mbele chef asitoke. Na usiipeleke tena kanisani, kwa jina ya Yesu."

Mlango wa ndani ulikuwa unafunguka Mwadi alipotoka. Alisikia chef akiuliza, "Ruffin, ulipigia nani kashe?" Hakusimama kusikia jibu. Aliona aibu kwa kutosimama, lakini miguu yake haikumngoja aone aibu.

Alipitia nyumbani kumchukua Sephora. Hakuna tena jirani aliyeweza kumwinua mtoto kila akitaka kwenda chooni, na pia, tuseme ukweli wote, alitaka huko Lubumbashi wamwone. Alimfunga mgongoni kwa kitenge, mtoto wa miaka minane sasa, miguu ikining'inia hadi magotini mwa mama. Njiani Sephora alikuwa anahesabu malori ya madini kwa sauti, akakosea, akaanza tena. Mwadi alisali kimyakimya kwamba gari lisiharibike. Halikuharibika. Alifika lile jengo wakati wafanyakazi wengine wanaanza kufunga madirisha.

Élisabeth alikuwepo. Akaipokea barua, akausoma muhuri mpya, akalisoma jina la Ruffin, akatabasamu.

"Sasa iko vizuri. Rufaa yenu inapokelewa, mama."

Mwadi akajishika mezani. Alikuwa amesubiri neno hilo kwa muda mrefu kiasi kwamba halikuingia mara moja. Imepokelewa. Yeye, muuza makala, amemshinda chef na kabati lake la chuma. Alimfungua Sephora, akamkalisha kwenye kiti, akaanza kulia, akacheka akilia, na Élisabeth naye akamwacha alie, akachukua muhuri wa ofisi yake, mweusi, wenye wino mzuri, akagonga nakala ya rufaa na kumrudishia.

"Na majibu ya mutoto?" Mwadi akauliza akijifuta uso. "Nangojea hapa, ao nakuya siku ya kwanza ya juma?"

Tabasamu la Élisabeth likabaki pale lilipokuwa, lakini macho yalihama.

"Mama, leo tumepokea rufaa. Sasa tutaandikia ofisi ya Likasi, tubaulize sababu ya kukataa. Biko na miezi tatu ya kujibu."

"Kama bakinyamaza?"

"Bakinyamaza, itahesabiwa balikataa tena. Pale munaweza kuenda mu tribunal, mbele ya hakimu."

Mwadi alisikia kila neno na kila neno lilikuwa wazi. Hakuna hata moja lililokuwa la ukali, na ndiyo maana hakupata mahali pa kulishika ili agombane nalo. Alimtazama yule mwanamke mpole akiweka kalamu ndani ya mkoba wake. Nje magari yalikuwa yanapiga honi, watu wanawahi nyumbani. Alitaka kuvunja kitu. Alitaka mama yake mzazi, aliyekufa zamani. Badala yake akasema "Asanti, mama," kwa kuwa ndivyo mtu anavyosema akipewa karatasi yenye muhuri.

Alitandaza kitenge ili ambebe mtoto tena. Alihitaji mikono yote miwili, basi akampa Sephora ile nakala.

"Shika vizuri, mama yangu. Isianguke. Shika nguvu."

"Nashika," Sephora akasema.

Mwadi akainama, akapitisha kitenge nyuma ya mgongo wa mtoto, na chini, karibu na mguu wa kiti, akaiona karatasi imelala sakafuni. Akainua macho. Mkono wa Sephora ulikuwa umenyooshwa mbele, kiganja kimelegea kutoka kwenye kifundo, vidole vinatazama chini, havina kitu. Mtoto alikuwa anamtazama mama yake kwa uso wa mtu anayejitahidi sana kufanya alichoambiwa.

"Nashika, mama," akasema. "Niko nashika nguvu."